Mjadala: Kiwango cha futiboli ya Kanada kinashushwa na kanuni au na mikataba mifupi?

Mtoa mada: Ndugu wanamichezo, Septemba 2025 Kamishna wa CFL (ligi kuu ya futiboli ya Kanada, mchezo unaofanana na futiboli ya Marekani, si soka), Stewart Johnston, alitangaza kwamba kuanzia 2027 uwanja utafupishwa kutoka yadi 110 hadi 100, na milingoti ya goli itahamishiwa nyuma kabisa ya eneo la kufungia, ili timu zisiridhike upesi na mikwaju ya pointi tatu. Nathan Rourke wa timu ya BC Lions, Mkanada aliyetwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi msimu huohuo, alikuwa miongoni mwa waliopinga vikali. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinagombania vipimo vya uwanja ilhali kinachoshusha kiwango hasa ni mikataba mifupi.

Wachezaji wengi wa CFL husaini mkataba wa mwaka mmoja au miwili, hivyo kila Februari sehemu kubwa ya kikosi huwa sokoni. Kambi ya Mei haifiki hata mwezi, mechi za kujipima ni mbili tu, na mwanzoni mwa Juni ligi imeshaanza. Watu watano wanaomkinga mrusha mpira wanapaswa kuzoeana kiasi kwamba kila mmoja anajua, bila kugeuka, ni adui yupi atakayechukuliwa na jirani yake, na mazoea hayo hayapatikani kwa wiki tatu. Timu ya Winnipeg, ambao kwa miaka hiyo walimbakiza kocha Mike O'Shea na nguzo nyingi za kikosi, waliingia fainali tano mfululizo za Kombe la Grey, yaani kombe la ubingwa wa CFL, kati ya 2019 na 2024, msimu wa 2020 ukiwa umefutwa kwa sababu ya UVIKO-19.

Mchangiaji: Ndugu mtoa mada, umeruka suala la fedha. Mwaka 2025 ukomo wa mishahara ya timu nzima ya CFL ulikuwa takriban dola milioni 6 za Kanada. Wachezaji sita wapya wa NFL, ligi kuu ya Marekani, waliolipwa kima cha chini cha mwaka huo, yaani dola 840,000 za Marekani kila mmoja, kwa pamoja walipokea zaidi ya hapo. Kijana aliyeng'ara hawezi kulaumiwa akitaka mkataba mfupi unaomwachia mlango wa kwenda kusini, Marekani. Isitoshe, timu inalazimika kuanza na angalau Wakanada saba kati ya wachezaji 24 wa kikosi cha kwanza, na makocha wengi huwapanga kwenye safu hiyohiyo ya ukingaji, ilhali vijana hao wanatoka vyuo vikuu vinavyocheza mechi nane tu za kawaida kwa msimu.

Mtoa mada: Hoja ya vyuo ni nzito, naikubali. Hata hivyo, Winnipeg walifuata ukomo uleule wa mishahara na sharti lilelile la Wakanada, kwa hiyo mambo hayo mawili hayaelezi kwa nini wenzao waliyumba. Makubaliano ya 2022 kati ya ligi na chama cha wachezaji yaliruhusu, kwa mara ya kwanza, sehemu ya mshahara wa mchezaji anayeongeza mkataba na timu yake kudhaminiwa, yaani alipwe hata akiachwa. Ningependa dhamana hiyo ipanuliwe kabla ya kung'oa mlingoti hata mmoja. Je, kuna anayeona kwamba uwanja mfupi utasaidia safu isiyozoeana?