Matumizi ya kaya, Kenya na Tanzania tangu 2000: kwa nini mstari wa Kenya unaporomoka mwaka 2023?

Mwalimu wa Kisumu
Wanajukwaa, hamjambo. Ninafundisha hesabu za biashara katika chuo kimoja hapa Kisumu, na ninaandaa mchoro wa kuwaonyesha wanafunzi jinsi matumizi ya kaya za Kenya na za Tanzania yalivyobadilika tangu mwaka 2000. Takwimu zote nimezigeuza kuwa dola za Marekani kwa kiwango cha ubadilishaji cha kila mwaka. Mambo mawili yananitatiza: mstari wa Kenya unaporomoka mwaka 2023, ilhali uchumi wetu ulikua kwa zaidi ya asilimia 5 mwaka huo, tena unaruka ghafla kati ya 2008 na 2009, pale nilipoacha kitabu cha zamani na kuanza kutumia jedwali jipya. Nimekosea wapi?

Mhasibu, Nakuru
Mwalimu, kilichoporomoka mwaka 2023 ni thamani ya shilingi. Mwishoni mwa 2022 dola moja iliuzwa kwa takriban shilingi 123. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imepita 160, kisha baada ya miezi michache ikarudi karibu na 130. Familia iliyokula ugali na sukuma wiki ileile muda huo wote itaonekana kwenye mchoro wako kana kwamba imefukarika kisha ikatajirika. Ukitaka kujua mabadiliko ya miaka, acha kila nchi katika shilingi yake, tumia bei za mwaka wa msingi, yaani mwaka mmoja ambao bei zake hutumika kuhesabia miaka yote, ili mfumko wa bei uondoke, kisha uupe mwaka mmoja thamani ya 100 kwa nchi zote mbili.

Mtakwimu mstaafu, Kakamega
Naongezea kuhusu mruko, kwa sababu umewapotosha wengi. Mwezi Septemba 2014 shirika letu la takwimu, KNBS, lilihamisha mwaka wa msingi kutoka 2001 hadi 2009, na pato la taifa likaongezeka kwa takriban robo kwa sababu shughuli nyingi ambazo hazikuwa zikihesabiwa ipasavyo ziliingizwa. Baadaye msingi ukahamia 2016. Tanzania nayo ilihamia 2007, kisha 2015. Kwa hiyo usiunganishe majedwali mawili kwa kuyabandika tu. Chukua mwaka ambao yote mawili yanao, kisha urudi nyuma kwa kasi ya ukuaji ya jedwali la zamani. Tuseme jedwali la zamani linasema 100 kwa 2008 na 110 kwa 2009, nalo jipya linasema 150 kwa 2009: basi 2008 yako ni 150 mara 100 gawa kwa 110, yaani takriban 136.

Wanafunzi wako waelewe pia kwamba matumizi ya kaya si fedha zinazolipwa dukani pekee. Mahindi ambayo mkulima wa Bungoma anavuna na kuyala nyumbani huhesabiwa, na anayeishi katika nyumba yake mwenyewe hukadiriwa kodi ambayo angelipa. Makadirio hayo ni makubwa katika nchi zetu, nayo hubadilika kila uchunguzi mpya wa bajeti za kaya unapofanywa.

Mfanyabiashara, Isebania
Mimi huvuka mpaka kwenda Sirare, upande wa Tanzania, kununua mchele, na kila mara naona kwamba fedha zilezile hazinunui mzigo uleule pande zote mbili. Je, mbinu ya kufanya mwaka mmoja kuwa 100 itamwonyesha mwanafunzi ni nani anayetumia zaidi?

Mtakwimu mstaafu, Kakamega
Haitamwonyesha, ndugu yangu. Inaonyesha mwendo tu. Kwa swali lako anahitaji viwango vya uwezo wa ununuzi, ambavyo hupatikana kwa kulinganisha bei za bidhaa zilezile katika kila nchi. Mpango wa kimataifa wa kulinganisha bei, unaoratibiwa na Benki ya Dunia, ulifanya kazi hiyo kwa mwaka 2011, 2017 na 2021. Kisha agawe kwa idadi ya watu, maana sensa ilitupatia sisi milioni 47.6 mwaka 2019, nayo Tanzania ikapata milioni 61.7 mwaka 2022.

Mwalimu wa Kisumu
Nawashukuru sana, wazee wangu. Nitachora michoro miwili, mmoja wa mwendo na mwingine wa kiwango kwa kila mtu mwaka 2021, na ule wa dola nitaubakiza ubaoni ili wanafunzi wenyewe watafute kosa lake.