Boda ndani ya mji wa kale wa Lamu: hesabu ya breki haikubali, zitoke!

Assalam aleikum wanajamvi. Uzi huu ni wa hasira na sitaificha. Kila boda zikizungumzwa Lamu, watu hugawanyika pande mbili: wa vijana wanaotafuta riziki na wa watalii wanaotaka utulivu. Hakuna anayekaa akapiga hesabu ya breki. Basi tuipige.

Pikipiki ikienda kilomita 30 kwa saa hukata mita 8 na zaidi kila sekunde. Tangu dereva aone mtu hadi mkono ubane breki hupita kama sekunde moja, kwa hiyo mita 8 zimekwenda kabla chombo hakijaanza kupunguza mwendo. Breki zenyewe, kwenye sakafu kavu, zinataka mita 7 nyingine. Jumla 15. Pakiwa na mchanga, maji ya mtaro au kinyesi cha punda, ongeza. Sasa kasimame kwenye kona yoyote ya mtaa wa Mkomani, humu mji wa kale, uone macho yanafika wapi: mita 2, pengine 3, kisha ukuta. Milango inafunguka njiani moja kwa moja na watoto wa madrasa hutoka mbio. Hata kwa kilomita 10 kwa saa bado unahitaji mita 3 na nusu. Ili usimame ndani ya mita 2, lazima uende mwendo wa mtu wa miguu. Kwa hiyo boda iliyo salama vichochoroni haimpiti anayetembea, na inayompita si salama. Hakuna mafunzo wala koti la kung'aa litakaloigeuza hesabu hiyo.

Na haraka yote hiyo ya kwenda wapi? Eneo lililoandikishwa na UNESCO mwaka 2001 ni hekta 16 hivi. Lingekuwa mraba, kila upande ungekuwa mita 400, yaani dakika 5 kwa miguu. Miji mikubwa inatumia mabilioni kutafuta namna ya kuishi bila gari mlangoni. Sisi tumerithi mji uliojengwa hivyo, halafu tunauvunja kwa honi.

Wanaosema dawa ni pikipiki za umeme: moshi na kelele vitapungua, kweli, na katikati ya kuta ndefu moshi si jambo dogo. Lakini umeme haufupishi mita 15, na anayetoka mlangoni hata mlio wa kumtahadharisha hausikii. Tuktuk ndiyo usiseme, upana wake ni mita 1.3, vichochoro vingi haiingii kabisa.

Hasara nyingine iko ukutani. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Usukani na vyuma vya pembeni vya pikipiki vinakwangua lipu kwenye kona, mahali pale pale, mpaka jiwe linabaki wazi. Kisha mwenye nyumba, kwa haraka au kwa ufinyu wa pesa, anaziba kwa saruji. Hapo ndipo anapoharibu zaidi. Ukuta wa matumbawe una unyevu na chumvi ndani, na chokaa huuacha upumue. Saruji inaufungia, chumvi inajikusanya nyuma yake, na baada ya muda kipande kizima kinabanduka na jiwe likiwa limeanza kumung'unyika. Kona iliyokwanguliwa irudishiwe chokaa na mchanga, kwa tabaka nyembamba, kila moja ikiachwa ishike kabla ya nyingine.

Msidanganywe na habari ya nguzo. Kila mkutano kuna anayependekeza nguzo za zege kwenye milango ya mitaa. Usukani wa boda ni kama sentimita 75 hadi 80, na punda mwenye shogi zilizojaa huwa mpana zaidi. Pengo linalompitisha punda, au kiti cha magurudumu, linapitisha boda pia. Kinachofanya kazi ni mtu mwenye mamlaka kwenye kila mlango, steji zilizopangwa upande wa nyuma wa mji, na faini inayotozwa kweli. Steji iwe nje, abiria ashuke, basi.

Mizigo je? Kutoka steji ibebwe kwa rukwama zisizozidi sentimita 80, zenye magurudumu ya mpira wa upepo. Ya chuma yanavunja sakafu na kelele zake ni balaa. Na wenye punda nao waambiwe. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Punda wetu ni wadogo. Mifuko miwili kwa mmoja ni mateso, si usafiri.

Mgonjwa ndiye hoja inayorushwa kila mara, na ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Aliyevunjika mguu au mama mwenye uchungu wa kuzaa apakatwe kwenye boda? Anahitaji machela yenye magurudumu, nyembamba, iwekwe kila mtaa na watu waliofundishwa kuisukuma, na boti inayomsubiri ufukoni usiku na mchana. Mzee asiyeweza kutembea vilevile: kiti chake cha magurudumu kinakwama kwenye mifuniko ya mitaro iliyovunjika. Mifuniko irekebishwe.

Halafu bahari, barabara yetu pana kuliko zote. Kijiji cha Shela ni kama kilomita 3, Mokowe ya bara ng'ambo tu, na bado boti huondoka zikijaa. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Yakipwa, ngazi fupi zinaning'inia juu ya tope na mama mwenye mtoto anarukia boti. Ngazi zifike chini, au pawe na gati linaloelea. Pawe na ratiba, nauli ibandikwe, na maboya ya kuokolea yahesabiwe kabla ya kamba kufunguliwa.

Kaunti isituambie haina mamlaka. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti barabara zao, trafiki, maegesho, na pia feri na bandari. Vyote viwili, nchi kavu na majini, viko mezani kwao.

Mlioko Langoni na Mkomani, andikeni hapa chini kona zilizokwanguliwa na saa ambazo boda hupita kwa wingi, tuipelekee kaunti orodha.