Gofu la kanisa la Bad Hersfeld: mbona hawaliezeki?

Mpitaji_Hessen
Wakuu habari zenu. Nasoma Kassel, Ujerumani. Juzi nimeenda Bad Hersfeld kuona gofu la kanisa la abasia (makao ya watawa), lile la mtindo wa Kiromaneski. Kuta nene zimesimama, madirisha ya matao yapo, ila paa hakuna, na ndani wamepanga viti vya tamthilia! Hela wanazo, mafundi wanao. Mbona hawalijengi upya? Au kuna mgogoro wa umiliki?

FundiChokaa
Mkuu, mgogoro hakuna. Liliungua Februari 1761, Vita vya Miaka Saba. Jeshi la Ufaransa lililigeuza ghala la chakula, na lilipolazimika kurudi nyuma likachoma shehena ili adui asiambulie kitu. Paa likaenda na moto. Watawa wa kulililia hawakuwepo tena, maana abasia ilikwishaingizwa kwenye dola ya Hesse-Kassel tangu 1648.

Sasa niambie, ungejenga lipi? Askofu Lullus alianzisha abasia mwaka 769. Kanisa uliloliona lilianza kujengwa baada ya moto mwingine, wa 1038, likawekwa wakfu 1144. Ukilijenga leo utapata kanisa jipya lililovaa mawe ya zamani. Mimi sikubali.

Halafu msidhani kuliacha gofu ni kulitelekeza. Nimeshika kuta za chokaa pande za Kilwa, nazijua. Ukuta usio na paa hunywa maji kutokea juu. Kule kwenye baridi maji yanaganda ndani, yanavimba, jiwe linabanduka. Fundi mvivu atapiga saruji juu aende zake. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe: unyevu ukikosa njia kwenye kiungo unatokea kwenye jiwe, na uso wa jiwe unaanza kumomonyoka. Chokaa ukiikwaruza kwa ukucha inaacha unga, saruji inakula ukucha. (Usijaribu pale, watakutoa nje.)

BintiKisauni
Jamani, paa si lipo? Nimetazama mchezo pale mvua inanyesha na sisi watazamaji hatukulowa. Ni turubai la kukunjua na kukunja, kazi ya msanifu majengo Frei Otto, 1968. Huyu huyu aliyeshiriki paa la uwanja wa Olimpiki wa Munich.

Mpitaji_Hessen
Kumbe! Ule mlingoti wa nje wenye nyaya nilidhani ni kreni ya ukarabati 😂

FundiChokaa
Dada umenikumbusha jambo zuri. Mlingoti uko nje, kwa hiyo kuta za miaka 900 hazikubebeshwa paa. Ukilichoka kesho unaling'oa na gofu linabaki gofu. Tamasha linachezwa humo tangu 1951, na kusema kweli viti vinaharibu mandhari, lakini jengo lenye watu kila kiangazi halisahauliki kwenye bajeti.

Mpitaji, uliuona mnara uliojitenga pembeni, wa Katharina? Humo mna kengele ya Lullus, ya 1038, kongwe kuliko zote za Ujerumani zilizoandikwa mwaka wa kusubuliwa.

Mpitaji_Hessen
Niliupita tu nikitafuta choo. Nitarudi Oktoba kwenye sikukuu ya Lullus.

FundiChokaa
Haya. Ukienda tupigie picha za viungo vya mawe kwa karibu, upande unaopigwa na mvua. Za viti tumeshaziona.