Mrejesho: bima ya mdogo wangu anayehamia Vancouver
Wakuu, niliwauliza: mdogo wangu wa hapa Ujiji, aliyepata ukaazi wa Kanada, atatibiwaje kabla bima ya serikali haijaanza. British Columbia, jimbo lenye Vancouver, husubirisha siku zilizobaki za mwezi wa kufika, kisha miezi miwili kamili. Akitua 30 Machi, inaanza 1 Juni; akitua 2 Aprili, ni 1 Julai. Tofauti ni tarehe ya tiketi tu! Fomu ya MSP (bima ya afya ya jimbo hilo) aijaze mara akifika.

Bima binafsi ya kuziba pengo tunakata kabla hajapanda ndege. Ukikata ukishafika, kampuni nyingi huweka siku kadhaa kabla ya kulipia ugonjwa. Presha au kisukari ambacho dozi yake imebadilishwa karibuni mara nyingi hakilipiwi, kwa hiyo abebe dawa za kutosha na cheti cha daktari. Wanaohamishwa kutoka kambi ya Nyarugusu kama wakimbizi wana IFHP, mpango wa afya wa serikali kuu ya Kanada kwa wakimbizi.