Picha inapendwa, mafuta hayanunuliki

Muuza Nazi: Wakuu, nauza mafuta ya nazi Instagram, chupa ya mililita 250. "Likes" zipo, oda hakuna. Maelezo ya chini ya picha niyaanzeje?

Fundi Maneno: Mkuu, kabla msomaji hajabonyeza kuona zaidi, huonekana herufi kama 125 tu. "Karibuni wateja wetu wapendwa" inazila bure. Anza na shida yake: "Nywele zinakatika ukichana? Paka haya usiku, osha asubuhi." Kisha ujazo, bei, gharama ya kutuma. Ile "bei njoo DM" (ujumbe wa faragha) acha kabisa, inafukuza mwenye pesa mkononi.

Dada Mauzo: Kiungo (link) ndani ya maelezo hakibonyezeki, kiweke kwenye wasifu. Na usiahidi kuotesha nywele. Mafuta ya nazi hupunguza kukatika. Ukiahidi zaidi, utadaiwa pesa irudi.