Moto kichaa umeshuka mlimani hadi shambani: wawindaji niwafungie njia au tukae chini tuongee?

BintiKiboriani

Wakuu habari za jioni. Naomba tusaidiane, hasa mlioko Mpwapwa, Kongwa na Kondoa, na yeyote anayejua mambo ya misitu.

Nina ekari 18 chini ya milima ya Kiboriani, upande wa Mpwapwa. Tulirithi kwa mzee. Juu yetu ni msitu wa hifadhi, chini ni mashamba ya wanakijiji, na katikati ya shamba inapita njia ya miguu ya tangu enzi za babu: wakata kuni, warina asali, wawindaji, wote wanapita hapo. Mimi naishi Dodoma mjini, shamba analiangalia baba mdogo.

Mwishoni mwa Septemba moto ulianza huko juu, mchana. Baba mdogo anasema ulipanda kwanza, ukamaliza kilele, watu wakajua umekwisha, wakaenda kulala. Usiku upepo ukageuka. Magogo yanayowaka yakaanza kubingirika kuja bondeni, na kila linapogota linawasha pengine. Kufika alfajiri ulikuwa umekula boma la miiba, mabua yote ya mtama ambayo mfugaji alishayalipia, mizinga ya pembezoni na karibu nusu ya mikorosho, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuzaa. Nyumba na zizi vimepona kwa sababu ng'ombe wamekanyaga pale pakawa peupe, hapakuwa na jani la kuungua.

Kijijini wanasema ni wawindaji. Wapo waliowaona vijana na mbwa wao wakipanda asubuhi hiyo. Wengine wanamtaja mzee mmoja mwenye bunduki na leseni halali, ambaye miaka yote akipita na kitoweo anatuachia mguu. Baba mdogo amekasirika, anataka kuziba njia kwa miiba asipite mtu tena. Mimi nawaza nani atanilipa. Kuna jirani ananishauri mwakani niwahi kuchoma mwenyewe kabla hawajanichomea. Halafu mvua za Desemba hizo zinakuja na mlima uko uchi. Nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

Chizi_wa_Nkuhungu

Uza ununue kiwanja Ihumwa. Huko moto pekee ni wa marejesho ya mkopo.

Mama_Korosho

Mpuuze huyo. Pole sana mdogo wangu. Mikorosho usiikate! Watu wakiona majani yamekauka wanaleta panga, kumbe mti uzima. Nenda na kisu kidogo, kwangua gome kidogo tu kwenye shina na kwenye matawi makubwa. Ukikuta ubichi wa kijani na unyevunyevu chini ya gome, huo mti unaishi, uache hadi mvua ikolee uone utachipulia wapi. Ukikuta kahawia na pakavu kuzunguka shina lote, hapo ndipo uhesabu hasara. Kwangua pande zote, maana moto unaounguza upande wa mlimani mara nyingi unaacha upande wa pili salama.

BwanaMiti

Nimefanya kazi za misitu Kanda ya Kati kwa muda, ngoja niseme kwa urefu kidogo.

Alichosimulia baba mdogo kinaeleweka. Mchana mlima ukipata jua, hewa inapanda, na moto unapanda nayo. Ukiwa unapanda unakausha majani ya mbele kabla haujayafikia, ndiyo maana unakimbia kuliko mtu. Usiku hewa ya baridi inateremka. Kwa hiyo moto wa mlimani haujaisha kwa sababu umefika kileleni, umeisha pale magogo na visiki vikiwa baridi kwa kiganja. Hilo ndilo kosa la vijiji vingi: moshi ukipungua watu wanaondoka.

Kuhusu kuchoma mwenyewe. Uchomaji wa mapema upo na unafanyika kitaalamu. Nyasi zikiwa nusu kavu, kwa huku kwetu kuanzia Mei hivi hadi Juni, moto unakuwa wa baridi, unapita chini na kuacha miche. Moto wa Septemba na Oktoba ni habari nyingine. Kule Ndola, Zambia, kuna vipande vya miombo vilivyowekwa kwenye majaribio tangu 1933: kinachochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi kiligeuka nyasi, kilichokingwa na moto kikawa msitu mnene. Lakini dada, uchomaji wa mapema si kuamka na kiberiti. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inataka kibali kabla ya kuchoma uoto, na majirani wajulishwe. Na ndani ya hifadhi usiguse kabisa, hiyo ni kazi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) wenyewe. Ukichoma kwako bila kibali ukapanda mlimani, mshtakiwa ni wewe, na yale ya Septemba hakuna atakayeyakumbuka.

Mimi ningeanza na barabara ya moto, yaani ukanda mtupu wa kuuzuia moto, kwenye mpaka wa juu. Ifyeke, kisha iparue mpaka udongo uonekane, maana nyasi zilizofyekwa na kuachwa palepale ni kuni. Mita tano hivi kwa nyasi fupi, na pale nyasi zinapomzidi mtu kimo ongeza. Upande wake wa chini chimba mfereji na udongo uutupe upande wa bondeni, gogo likibingirika lidumbukie humo. Hiyo mifereji ndiyo iliyokosekana kwako. Na iende sambamba na mlima, usiilime kushuka, la sivyo utakuwa umejichimbia korongo.

Sululu

Barabara ya moto kwa ekari 18 ni gharama mkuu. Nani ana hela ya vibarua?

BwanaMiti

Hazungushi shamba lote. Upande wa juu tu, na afanye Mei au Juni ardhi ikiwa bado haijawa jiwe. Chini kuna mashamba yaliyolimwa, hayo yenyewe ni kinga.

Wakili_wa_Mtaani

Upande wa haki. Kwanza usichanganye na kifuta jasho. Kile ni cha wanyama wakali na waharibifu, tembo akila mahindi yako. Moto hauna kifuta jasho. Wa kukulipa ni aliyewasha, na lazima umthibitishe. "Walionekana wakipanda" haitoshi, hata wakata kuni walionekana.

Fanya hivi wiki hii, kabla mvua haijafuta alama. Mchukue mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji wapite shambani, waandike. Bwana shamba wa kata afanye tathmini ya mikorosho na mabua, afisa nyuki kama yupo aone mizinga. Piga picha zenye tarehe. Nenda polisi upate RB, ile namba ya taarifa yako. Hata kama hutafungua kesi, mwakani ukitokea mwingine utakuwa na karatasi. Ukimpata mtu kwa ushahidi, madai ya fidia yanapelekwa mahakamani. Baraza la kata siku hizi ni la kusuluhisha tu.

Na hiyo njia. Kama watu wamepita hapo vizazi viwili, kuiziba kwa miiba ni kujitafutia mgogoro wa pili kabla wa kwanza haujaisha. Halmashauri ya kijiji ndiyo ihusishwe.

Satelaiti_Boy

Kuna ramani ya bure ya NASA inaitwa FIRMS. Unaingia kwa simu, unachagua tarehe, inakuonyesha vidoti vyekundu mahali satelaiti zilipoona joto. Utaona kidoti cha kwanza kilikuwa upande gani wa mlima.

Wakili_wa_Mtaani

Nzuri, ila msiipe kazi isiyo yake. Vile vidoti vizuri zaidi ni vya mraba wa mita 375, na satelaiti inapita mara chache kwa siku. Inaweza kukuambia moto ulianzia upande wa Kongwa au wa kwenu. Nani alishika kiberiti haikuambii.

Mzee_wa_Gobole

Mbukwenyi. Mimi ni mwindaji, leseni ninayo na silaha yangu ina kibali, kwa hiyo nisikilizwe.

Mwindaji wa kweli moto unamuumiza. Watu wanadhani tunachoma ili majani machanga yaote, wanyama waje. Yanaota kweli, kwenye mabonde yenye unyevu, na wanyama wanakuja. Lakini pale pameachwa wazi, mnyama anakuona kabla hujafunga pumzi. Digidigi ndiye namsikitikia zaidi. Yule anaishi wawili wawili kwenye kieneo chao, hawahami ovyo. Kichaka kikiungua utawakuta wamesimama kwenye majivu palepale, hawana pa kujificha, na mbwa wa kijiji wanawamaliza mchana kweupe. Kobe ndio usiseme, ukipita unakuta magamba tu. Pimbi anapona kwa sababu ya mapango. Msimu wetu unafunguliwa Julai. Mlima ukiungua Septemba, leseni niliyoilipia inabaki karatasi.

Wanaofaidika ni wa mitego ya waya. Wanajua wanyama watakusanyika kwenye majani machanga, wanatega pale. Na vijana wa panya, wanaochoma vichaka ili panya watoke. Sheria ya Wanyamapori inakataza kuwinda kwa moto, wanajua, lakini nani yupo kule juu kuwaona?

Jibu ni sisi. Huyo mzee anayewaachia mguu ndiye jicho lenu. Yeye anajua nani hupanda na mbwa, nani ana tanuri la mkaa limefichwa, nani anarina asali kwa kienge badala ya bomba la moshi. Mkimfungia njia, hatakoma kuwinda, atapita upande wa pili. Mtakachokosa ni taarifa.

Chizi_wa_Nkuhungu

Mzee umeandika kama mbunge. Lakini bunduki na kiberiti vinakaa mfuko mmoja.

Mzee_wa_Gobole

Kijana, mimi sivuti.

MrangiHalisi

Niongezee la mvua, naona wamelipita haraka wakati ndilo lenye haraka zaidi. Sisi Kondoa tunajua mlima mtupu unafanya nini. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lote lililoharibika kwa sababu ardhi ilikuwa inaondoka na maji. Huko kwenu Mpwapwa wenyewe walianza kupima mmomonyoko tangu miaka ya 1930.

Baada ya moto mvua mbili tatu za kwanza ndizo mbaya. Hakuna majani ya kuvunja nguvu ya tone, majivu yanaziba udongo, maji hayazami, yanakuja yote kwa mpigo yakiwa meusi. Sasa hivi, kabla ya Desemba, tafuteni mahali ambapo maji huingilia shambani. Wekeni makinga maji ya mawe, mawe si mnayo ya kumwaga. Matawi yaliyoungua msiyakusanye kuni yote, yalazeni kukatisha mteremko, yakandamizwe yagusane na ardhi. Mpandie na majani ya tembo au vetiva nyuma yake mvua ikishika. Na ng'ombe wa baba mdogo wasipelekwe juu kula machipukizi mwaka huu. Najua atanuna.

Mama_Korosho

Na mizinga mipya usiitundike palepale penye nyasi. Moshi tu unatosha kuwahamisha nyuki hata kama mzinga haujaungua. Fyeka chini yake duara la kutosha kila mwisho wa mvua.

BintiKiboriani

Asanteni mno. Nimemsomea baba mdogo kwenye simu, sehemu ya ng'ombe amekata simu, akapiga tena baadaye.

Mrejesho: bwana shamba amekuja leo. Tumekwangua mikorosho yote, kwa kweli mingi ina ubichi, hasa upande wa chini kama alivyosema mama. Tumeweka alama ya chokaa kwenye iliyokufa. Mtendaji ameandika, RB ninayo. Kwenye ramani kidoti cha kwanza kiko mbali na njia yetu, karibu na bonde ambalo watu wanasema kuna mkaa. Sijamwambia mtu jina lolote na sitamwambia.

Mzee wa bunduki amekubali kuja kwenye kikao cha kijiji Jumamosi na wenzake wawili wenye leseni. Nataka tuombe kamati ya maliasili iwaingize kwenye doria, wapite kwetu bila kuulizwa, ila Agosti hadi mvua wawe wanapiga simu wakiona moshi. Swali langu sasa: makubaliano kama haya yaandikwe wapi ili mwenyekiti akibadilika yasife?

Wakili_wa_Mtaani

Yaingie kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, mhuri na saini, nakala ubaki nayo. Mkitaka yawe na meno, yapelekwe kama sheria ndogo ya kijiji, halmashauri ya wilaya iidhinishe. Inachukua muda, anzeni sasa.

BwanaMiti

Na mwalike mhifadhi wa TFS wa wilaya kwenye hicho kikao, barua iende kesho. Mpaka wenu wa juu ndio mpaka wake. Mwulize barabara ya moto upande wa hifadhi itasafishwa lini, na jibu liandikwe kwenye muhtasari huohuo.