MJADALA: Wakongwe wa dansi tuwape ngao au fungu la mlangoni?

Wakuu, kamati ya mtaa wetu hapa Dar inaandaa tamasha la zilipendwa kuwaenzi wanamuziki wakongwe wanaoishi jirani. Mpango uliopo: bendi ya vijana ipige nyimbo zao, mgeni rasmi aseme maneno mawili (tunajua yatakuwa arobaini), halafu wazee waitwe jukwaani, wavishwe vitenge na kukabidhiwa ngao. Kiingilio kipo. Nilipouliza wazee watapata nini kwenye hicho kiingilio, nikaambiwa hii ni heshima, siyo biashara. Lakini MC analipwa, mwenye spika analipwa, mwenye mahema kashachukua advansi.

Msimamo wangu: mzee alipwe kwanza, ngao ifuate. Fedha isipotosha vyote viwili, ngao ibaki dukani.

Wengi wao walikuwa waajiriwa. NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo, ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ikaja 1978. Vyombo ni vya mwajiri. Ukihama bendi unaondoka na sauti yako tu. Nyimbo zikarekodiwa Radio Tanzania, zikapigwa miaka nenda miaka rudi, mtunzi anazisikia kama sisi tunavyozisikia. Mwimbaji Maalim Gurumo, mmoja wa waasisi wa NUTA Jazz, alistaafu 2013 akisema hadharani kwamba hajawahi kumiliki gari. Akaja kupewa mwaka huohuo na Diamond, aliyezaliwa 1989, wakati mzee tayari ana miaka ishirini na ushee jukwaani. Hongera kwa kijana. Walioneemeka na ile sauti walikuwa wapi?

Karibuni tujadili.

Sikinde Damu: Mtoa mada, unawadhalilisha wazee. Si kila mkongwe ana njaa. Kuna mzee anachotaka ni kuitwa jina lake mbele ya wajukuu, basi. Halafu tamasha likipata hasara je, watagawana na deni? Msigeuze kila kitu kuwa bahasha.

Binti wa Mpiga Besi: Baba yangu ana ngao kadhaa sebuleni, moja wamekosea jina lake. Kwa kuwa alipiga besi, huwa anaitwa wa mwisho, waimbaji wakishamaliza, watu washaanza kutafuta bodaboda. Mara ya mwisho tulimrudisha nyumbani kwa bajaji tuliyolipa wenyewe, kitenge cha watu kiko begani. Ila kuna kijana wa bendi alimfuata nyuma ya jukwaa, akamuuliza ile besi ya kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka, inapigwaje. Baba akaomba gitaa. Vidole vimekakamaa, akamwonyesha polepole, akarudia, akamgombeza kidogo. Alilala akilisimulia hilo, ngao hakuitaja. Kwa hiyo mimi nataka fedha, na huyo kijana namtaka pia.

Wakili Mstaafu: Mnajadili hisani wakati kuna haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi ulinzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Marijani Rajabu, mwimbaji na mtunzi wa dansi, alifariki 1995. Alichokitunga mwenyewe hakijawa cha bure mpaka 2045 ipite. Bendi ya vijana itapiga nyimbo za hao wazee kwa kiingilio. Kabla ya ngao, kamati imeomba ruhusa na kulipia? Kwa wale waliokuwa waajiriwa kuna utata wa nani mmiliki, nakubali. Utata huo hauifanyi kamati kuwa mmiliki.

Baba ya Muziki: Mbona mnahangaika? Watu watawatunza palepale jukwaani. Ndiyo dansi hiyo.

Mtoa mada: Kutunza kunamfuata anayeimba mbele. Mpiga gitaa la rizimu na mpiga ngoma za tumba nani anapanda kumbandika noti kwenye paji la uso? Wakili, hilo la ruhusa sikuliwaza, nalibeba kama lilivyo. Sikinde Damu, hasara nimekuelewa: basi wazee wapewe kiwango maalumu kilichokubaliwa mapema, kama MC alivyopewa chake. Asiyetaka fedha aikatae mwenyewe, tusimkatalie sisi. Kikao cha kamati ni Jumamosi baada ya alasiri. Binti, mlete baba, na aitwe wa kwanza.

Sikinde Damu: Nitakuja. Ila ngao sitaki iguswe.